Kamanda Hupimwa kwa Mateka Wake

Makamanda, kuna kauli inazunguka sana kwenye magrupu yetu: "Siku tukishika dola, hawa watatukoma." Hasira iliyo nyuma yake naielewa vizuri. Lakini kabla hatujaizoea, naomba niwasimulie kesi moja ambayo tangu niisome haijanitoka kichwani.

Tarehe 18 Aprili 1942, ndege 16 za Marekani zikiongozwa na James Doolittle zilishambulia Tokyo na miji mingine ya Japani. Raia walikufa, wakiwemo watoto, na hilo tusilifiche. Karibu ndege zote ziliishia China, na askari wanane wakaangukia mikononi mwa jeshi la Japani.

Sasa angalia kilichofuata. Sheria ya kuwaadhibu askari wa anga wa adui ilitoka Agosti, miezi minne baada ya shambulio, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Yaani watu wameshakamatwa, ndipo sheria inashonwa kwa vipimo vyao! Waliteswa, wakasainishwa maelezo yaliyoandikwa Kijapani wasichokijua. Wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi Shanghai bila wakili na bila kusomewa mashtaka kwa lugha wanayoielewa. Mmoja wao, Dean Hallmark, alikuwa mgonjwa kiasi cha kuletwa kwa machela. Wote wanane walihukumiwa kifo, kisha watano wakapunguziwa kuwa kifungo cha maisha. Tarehe 15 Oktoba 1942, Hallmark, William Farrow na Harold Spatz walipigwa risasi.

Kuna atakayesema: si waliua raia? Walistahili. Jamani, kuua raia kwa makusudi ni uhalifu, na mtuhumiwa ashtakiwe, hata akiwa mateka. Ila kushtakiwa maana yake asikie kosa lake, ajitetee, na hakimu awe hajaamua kabla ya kukaa kitini. Bila hayo, ni mauaji yaliyopigwa mhuri.

Mwaka 1946 kibao kiligeuka. Maofisa wanne wa Japani walipandishwa kizimbani hukohuko Shanghai, mbele ya tume ya kijeshi ya Marekani. Safari hii washtakiwa walikuwa na mawakili, walijitetea, na mashahidi walihojiwa. Watatu walifungwa miaka 5 kila mmoja. Wapo waliolalamika kwamba adhabu ni ndogo mno. Wa nne, Yusei Wako, alipata miaka 9.

Kwa nini yeye zaidi? Kwa sababu kati ya waliokaa kuwahukumu wale askari, yeye ndiye aliyesomea sheria. Alijua kabisa anachokivunja, na bado akaweka sahihi. Sisi tunaosoma sheria tukikutana na jina lile, tusilipite haraka.

Leo Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlinda mateka dhidi ya mateso, matusi na kufanywa maonyesho mbele ya watu, na unakataza kumhukumu bila kumpa nafasi ya kujitetea. Itifaki ya 1977 inakwenda mbali zaidi: rubani anayeruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege iliyoharibika haruhusiwi kupigwa risasi akiwa bado hewani. Dakika tano zilizopita alikuwa anakurushia mabomu, lakini sasa hana la kukufanya. Heshima ya askari inaanzia hapo.

Turudi nyumbani. Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa, na inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu. Ibara hiyo tunaitaja kwa sauti kubwa wenzetu wanapokuwa mahabusu. Je, tutaitaja kwa sauti ileile siku aliyetuweka mahabusu akiwa ndiye mshtakiwa?

Sisemi tusahau. Aliyetesa ashtakiwe, aliyeiba arudishe. Lakini akae na wakili wake, asomewe kosa lililokuwa kosa siku alipolitenda, na alale selo bila kuguswa. Tusipokubaliana juu ya hili sasa, tukiwa hatuna madaraka, siku tukiyapata hakuna atakayetusikiliza tukilisema.

Tunaitana makamanda. Basi tuanze kuongea kama makamanda.