Machozi Ndani ya Wino

Wiki hii twaomba ruhusa tuwachukue mbali kidogo, hadi Uchina, tukautazame mwandiko wa mtu aliyefiwa.

Mwenye mwandiko huo ni Yan Zhenqing, mtumishi mkubwa wa dola ya Tang na bingwa wa hati. Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi. Yan Gaoqing, binamu yake, na mwanawe Jiming waliutetea mji wa Changshan. Msaada haukuwafikia, mji ukaanguka, baba na mwana wakauawa. Ilipofika mwaka 758 ndipo mabaki ya kijana yalipopatikana: kichwa tu. Yan, akikaribia umri wa miaka 50, akashika brashi akaandika rasimu ya maombolezo. Nakala safi haikutufikia. Rasimu ingaliko, imehifadhiwa Taipei.

Yatazamwaje? Mistari yashuka toka juu hadi chini, nayo yaanzia kulia, kama tuanziavyo tusomapo Kiarabu. Mwanzoni, penye tarehe na vyeo vya mwandishi, herufi zimetulia. Akifikia msiba, mkono waenda mbio. Maneno yakatwa, mengine yachomekwa pembeni. Wino ni mzito mahali, na mahali brashi imekauka hata ikaacha mikwaruzo, naye hakusita. Hata asiyejua herufi moja ya Kichina huona pale mwandishi aliposhindwa kujizuia.

Yan huyo huyo aliandika hati zilizonyooka, zikachongwa mawe. Moja, ya mwaka 752, ingaliko Xi'an, mji wenye Msikiti Mkuu wa kale wa Waislamu wa Uchina. Wanafunzi huinakili hadi leo. Lakini katika hati ya mwendo, Wachina huihesabu rasimu hii iliyojaa makosa kuwa ya pili kwa ubora, baada ya ile ya Wang Xizhi ya mwaka 353. Kwa nini? Kwa kuwa hakuiandika ili asifiwe. Sisi twalijua jambo hilo kwa jina lake: ikhlasi.

Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, wala hakuona haya. Huzuni si upungufu wa imani, maadamu ulimi umehifadhika.

Basi, wazazi wenzetu, tuangalie makabatini mwetu. Huenda mna barua ya marehemu baba, au daftari la mama lenye hesabu za duka na dua alizozinakili, mwandiko ukiwa umepinda kwa uzee. Tusiutupe kwa kuwa si mzuri. Tuwakalishe watoto, tuwaonyeshe pale mkono ulipotetemeka, kisha tuwaombee wenyewe rehema.

Wabillahi tawfiq.