Dawa Lengwa Hazifuti Uchunguzi wa Mapema

Makala ya toleo lililopita iliwaambia Waafrika Mashariki wa Takoma Park kwamba, kwa kuwa dawa lengwa, yaani zinazolenga hitilafu mahususi za seli za saratani, zimefika, kupimwa utumbo kwa kamera ni usumbufu usio na maana. Napinga waziwazi: ushauri huo utagharimu maisha.

Maendeleo yenyewe siyabishii. Jirani yetu White Oak ndiko yaliko makao ya FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani iliyoidhinisha imatinibu kwa uvimbe wa njia ya chakula uitwao GIST mwaka 2002, trastuzumabu kwa saratani ya tumbo yenye protini ya HER2 kwa wingi mwaka 2010, na pembrolizumabu mwaka 2017 kwa saratani zenye hitilafu ya kurekebisha DNA, popote zilipoanzia mwilini.

Lakini saratani nyingi za tumbo hazina wingi huo wa HER2. Setuksimabu, dawa lengwa nyingine, nayo ikitumiwa peke yake haisaidii saratani ya utumbo mpana yenye mabadiliko ya jeni ya KRAS, yanayoonekana kwa karibu asilimia 40 ya wagonjwa ambao saratani hiyo imeshasambaa. Kwa wengi ambao saratani imeshasambaa, dawa hurefusha maisha bila kuponya. Lakini polipu, yaani kinyama kinachoota utumboni, ikiondolewa mapema haipati nafasi ya kugeuka saratani.

Na saratani ya umio inayowatesa ndugu zetu wa Bomet, Kenya, kwa kawaida ni ya seli bapa, ambayo dawa lengwa zake bado ni haba. Anayekwamwa na chakula asingoje.

Tangu 2021 Marekani inashauri uchunguzi wa utumbo mpana uanze katika umri wa miaka 45, badala ya 50. Aliyefikia umri huo akapimwe. Anayekutwa na saratani iliyosambaa adai vipimo vya jeni kabla ya kuchaguliwa dawa.