Mkuu wa Polisi: Amana Kabla ya Mamlaka

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu wasomaji, kila anapoteuliwa mkuu mpya wa polisi, watu huuliza: ametoka wapi, ana cheo gani begani, na ni mtu wa nani? Maswali hayo yana nafasi yake. Lakini lipo swali linalotangulia yote, nalo ni hili: mnyonge asiye na jamaa wala fedha akikamatwa usiku wa manane, je, atakuwa salama mikononi mwa watu wa mkuu huyo? Leo tunapenda kulitazama swali hili kwa mizani ya Uislamu, kwani si geni kwa wanazuoni wetu.

Kazi hii ina asili ya zamani. Katika Sahihi ya Imam Bukhari, Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kuwa nafasi ya Qays bin Saad mbele ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa mfano wa nafasi ya mkuu wa askari wa usalama mbele ya amiri. Baadaye, dola ya Kiislamu ilipopanuka, cheo cha sahib ash-shurta kikawa miongoni mwa vyeo vikubwa vya serikali. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), anaeleza kuwa huko Andalusia kazi hiyo iligawanywa sehemu mbili: shurta ndogo kwa watu wa kawaida, na shurta kubwa iliyopewa uwezo wa kuwashughulikia wakubwa, jamaa zao na wenye vyeo. Tuzingatie hapo. Waliotutangulia walitambua kuwa mhalifu mwenye jina kubwa ana mikono mingi ya kumkinga, hivyo wakamwekea mtu mwenye nguvu za kumfikia.

Ni sifa zipi basi zinazotakiwa? Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Qasas aya ya 26, inataja mambo mawili kwa ulimi wa binti aliyemwambia baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.): nguvu na uaminifu. Mambo haya hayatenganishwi. Mwaminifu asiye na nguvu huchezewa na majambazi, na mwenye nguvu asiye mwaminifu huwa yeye mwenyewe jambazi mwenye sare. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr (R.A.), pamoja na ucha Mungu wake wote, kwamba yeye ni dhaifu na uongozi ni amana, akamzuia asiutake.

Sifa ya tatu ni kutoshikwa mkono na wakubwa. Ibn Qutayba, mwanazuoni wa karne ya tatu Hijria, amenukuu kisa cha al-Hajjaj, gavana wa Iraq aliyejulikana kwa ukatili. Alipotafuta mkuu wa shurta, alitaka mtu mwenye kudumu kazini, mwenye amana nyingi, asiyebabaishwa na waheshimiwa wanaokuja kuwaombea watu wao. Akaelekezwa kwa Abdurrahman bin Ubayd at-Tamimi. Mtu huyo akakataa kuipokea kazi mpaka gavana amhakikishie kuwa watoto wake, jamaa zake na watumishi wake hawatamwingilia. Al-Hajjaj akaamuru itangazwe hadharani kuwa yeyote kati yao atakayemwendea kwa upendeleo, amejitoa katika ulinzi wake. Ikiwa mtawala dhalimu alilikubali sharti hilo, itakuwaje kwa serikali zinazojiita za haki na sheria? Katika zama zetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 245, imeweka maana hiyo hiyo: hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza Inspekta Jenerali namna ya kuchunguza kosa fulani au kumtekelezea sheria mtu fulani. Maandishi hayo ni mazuri. Kinachobaki ni mtu mwenye kifua cha kuyasimamia.

Tukija kwenye wajibu, hapa ndipo penye uzito. Kadhi hukaa akisubiri ushahidi, lakini mkuu wa polisi huanza na tuhuma. Kwa hiyo uwezo wake wa kudhulumu ni mwepesi zaidi, kwani aliye mbele yake bado hajathibitishiwa lolote. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa aliyefariki mwaka 182 Hijria (798), alimwandikia Khalifa Harun ar-Rashid kitabu kiitwacho Kitab al-Kharaj. Humo alimweleza kuwa haifai mtu kukamatwa kwa sababu tu mwenzake amemtuhumu. Wakutanishwe mlalamikaji na mtuhumiwa. Ushahidi ukipatikana ahukumiwe, usipopatikana aachwe. Akakataza kuwapiga watuhumiwa, na akaeleza kuwa maneno yatokanayo na kipigo hayawi hoja. Akakumbusha msimamo wa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba mtu akitiwa njaa, hofu au kifungo, huweza kujisingizia mwenyewe.

Hatufichi kuwa wanazuoni walitofautiana. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alimpa amiri nafasi ya kumtia adabu mtuhumiwa mwenye tuhuma nzito. Lakini hata yeye alisema wazi kuwa mtu akipigwa ili akiri, kukiri kwake hakuna hukumu. Askari anayemtesa mtu ili afunge jalada lake mapema amefanya maovu mawili: amemdhulumu huyu, na amemwacha mhalifu wa kweli mitaani.

Abu Yusuf hakuishia hapo, akawatazama mahabusu. Alipendekeza kila mfungwa maskini apewe dirham kumi kwa mwezi mkononi mwake, majina yao yaandikwe daftarini, na mgawaji awe mtu mwema. Alihofia kuwa wakipewa mkate, walinzi wangeujichukulia. Akataka wapewe nguo za baridi na za joto, na akachukizwa na wafungwa kutolewa wakiwa na minyororo ili waombe sadaka. Akahimiza pia mambo yao yatazamwe kila siku, asije mtu akasahaulika gerezani. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Wajibu mwingine ni kujizuia na faragha za watu, kwani Sura ya Al-Hujurat aya ya 12 imekataza kupeleleza. Na kuhusu mali, Mtume (S.A.W.) alimkemea mkusanyaji zaka aliyerudi na vitu akidai ni zawadi yake. Alimuuliza kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi hizo zingemfuata? Kila askari na ajiulize hivyo kuhusu kile anachotiliwa mfukoni barabarani.

Hata hivyo, tusimtwishe mkuu wa polisi mzigo wote. Ni sisi tunaokimbilia kutafuta "mtu wa kumwona" pindi mtoto wetu anapokamatwa, kisha jioni tunalalamikia rushwa. Usama (R.A.) alipotumwa kumwombea mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba, Mtume (S.A.W.) alikasirika, akaeleza kuwa mataifa yaliyotangulia yaliangamia kwa kumwachia mkubwa na kumwadhibu mnyonge. Akaapa kuwa hata Fatima binti yake angeiba, hukumu ingekuwa ile ile.

Tunawanasihi wenye mamlaka ya kuteua: tazameni nguvu na amana kabla ya ukaribu. Tunawanasihi wanaoteuliwa: wekeni sharti la kutoingiliwa kabla ya kula kiapo, na tembeleeni mahabusu bila ya taarifa. Nasi raia, tuseme ushahidi wa kweli na tuache kununua haki. Siku ya Kiyama hakuna cheo begani, na aliyepigwa ndani ya chumba kilichofungwa atasimama mbele ya Hakimu asiyefichwa kitu.

Wabillahi tawfiq.