Alichosikia Mama Watoto

Wiki tatu nzima mke wangu alinilalamikia: "Baba, gari linaunguruma." Mimi nikawa naongeza sauti ya redio. Jamani, wanaume! Corolla yetu ni ya mwaka 1998, nikajisemea mzee lazima akorome.

Jumamosi moja akazima redio mwenyewe. "Haya, endesha, sikiliza."

Kuanzia spidi 60 nikausikia mvumo, nikiongeza mwendo nao unapanda. Nikaweka frii kidogo, injini ikatulia, mvumo uko palepale. Nikikata kona kushoto unazidi, kulia unapungua. Ukikata kushoto uzito wa gari huegemea kulia, kwa hiyo mgonjwa alikuwa upande huo: beringi ya tairi la mbele.

Fundi akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Linacheza! Akalizungusha, akaniambia niguse springi. Nikasikia mkwaruzo kama mtu anasaga mchanga.

"Bosi, hili lingewaangusha njiani."

Nikanyamaza. Anayempeleka mtoto shule na gari hilo kila asubuhi ni mke wangu, si mimi.

Beringi mpya msikubali igongwe kwa nyundo. Huingizwa kwa mashine ya presi, tena ikisukumwa kwenye ringi ya nje. Ikisukumwa ya ndani inaharibika kabla hamjatoka gereji. Nati ya katikati ikazwe kwa spana ya kipimo.

Tukarudi nyumbani kimya, raha tupu. Karibu na geti akasema, "Baba, na hiyo breki inayolia?"

Redio sikuigusa.