Maua gani tupande mbele ya ukumbi?



Waliokuwepo kwenye mkutano wa mwezi uliopita wanajua kwa nini juma hili siandiki habari za daftari za watoto. Mama mmoja alisimama akauliza: fedha za maua za mwaka jana zilienda wapi? Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyesema tutoe fedha katika kasha tununue miche iliyokwisha kuchanua, tuipange mbele ya ukumbi kabla ya tarehe 8 mwezi wa tatu, wageni wakute pazuri. Siku ile palipendeza kweli, tukapiga picha na vitenge vyetu. Halafu mvua ikazidi, miche ikaanza kuoza shingoni mmoja mmoja, na majuma matano baadaye tulikuwa na matuta ya udongo mtupu. Na yale yaliyobaki yalimalizwa na mbuzi.

Kosa langu ni kwamba nilichagua ua siku lilipokuwa limevaa nguo za arusi. Sikuuliza linaishije siku za kawaida.

Basi tangu mvua zilipoanza mwezi wa kumi nimekuwa nikipima maua katika parsele yangu hapa Baraka, na mwalimu mwenzangu amefanya vilevile kwake Fizi. Tulichukua aina nne. Ya kwanza ni vinka, lile ua dogo la pinki au jeupe lenye petali tano ambalo linaota hata makaburini bila mtu kulimwagia. Waliosoma Kifaransa huliita pervenche. Ya pili ni tagete, ya rangi ya machungwa, yenye harufu kali. Ya tatu ni zinia ambayo mama mmoja mzee wa Fizi anaiwekea mbegu kila mwaka katika kitambaa. Ya nne ni zinia ya pakiti niliyoagiza kutoka Bukavu, yenye picha ya ua kubwa kama sahani.

Kwa nini vinka, ambalo kila mtu analo? Kwa sababu ndilo tunalolijua. Wataalamu wa kilimo wa kwetu, wanapojaribu muhogo mpya, hupanda pembeni yake ule wa zamani wa wakulima, nao huuita témoin, yaani shahidi. Muhogo mpya ukikua vizuri peke yake hujui kama ni mbegu au ni mvua ya mwaka ule. Ukikua kumpita shahidi aliye katika udongo uleule, hapo una neno la kusema.

Lakini niwaambie nilivyoharibu mara ya kwanza. Nilipanda kila aina katika tuta lake. Tuta la zinia ya pakiti lilikuwa karibu na mlango, na kila jioni maji yaliyobaki katika ndoo yalimwagwa hapo, na watoto, na mimi mwenyewe. Baada ya majuma matatu zinia ile ilikuwa imewapita wenzake wote, nami nikaanza kuisifu kwa majirani. Ni binti yangu aliyeniambia: “Mama, hilo tuta ndilo linalokunywa sana.” Jambo hilo nalifundisha darasani kila mwaka, nikalisahau penye mlango wangu. Niling'oa yote nikaanza upya: miche 12 ya kila aina, nikaigawa katika vikundi vitatu vya mine mine, na mahali pa kila kikundi pakachaguliwa kwa kura za vikaratasi. Hivyo kila aina ikapata sehemu ya jua, na sehemu ya kivuli cha mwembe, na sehemu ya chini ambako maji husimama.

Majina niliyaondoa. Kila kikundi kilikuwa na kopo la nyanya lenye namba tu, na orodha ya namba ilikaa kwa mtunza kasha. Nilifanya hivyo kwa sababu nawajua. Tungeandika “ya Bukavu” juu ya kopo, nusu yenu mngelipenda kabla ya kulitazama. Kila Jumamosi kina mama waliopita waliweka punje za maharage ndani ya bakuli la kila namba, kuanzia 0 mpaka 5. Nami katika rejista niliandika mambo manne: miche mingapi ingali hai, mingapi ina ua siku hiyo, majani yana ugonjwa au hapana, na mbuzi ameonja nini.

Mchezo huu si wangu. Huko Marekani kuna chama kiitwacho All-America Selections, kilianzishwa mwaka 1932, ambacho hupanda maua na mboga mpya katika bustani za sehemu nyingi za nchi ile, pembeni ya aina zinazofanana ambazo zimekwisha kuuzwa. Waamuzi hutoa alama 0 mpaka 5 wakiona namba tu, bila jina la aina wala la mwenye kuileta. Uingereza nako chama cha bustani cha Royal Horticultural Society kimekuwa kikitoa tuzo yake ya maua bora tangu mwaka 1922. Wanajisumbua hivyo kwa sababu ua huuza kwa sura, na sura hudanganya.

Wao wenyewe walionja uchungu huo kwa ua lililotoka kwetu. Kuna ua la kivulini liitwalo Impatiens walleriana, asili yake ni Afrika ya Mashariki, kutoka Kenya kushuka hadi Msumbiji. Jamaa zake wengi wanamea katika milima yetu ya Kivu, na mtajua mmoja wao kwa sababu ganda la mbegu likiiva hupasuka ukiligusa. Ua hilo lilikuwa kati ya yaliyouzwa sana huko Ulaya na Marekani. Mwaka 2003 ugonjwa wa ukungu wa majani ulionekana juu yake Uingereza, na kufikia mwaka 2012 ulikuwa umeenea Marekani; matuta yaliyokuwa mekundu yalibaki vijiti. Kumbe aina zote nzuri zile zilikuwa na udhaifu mmoja. Wafugaji wa mbegu walikaa miaka wakitafuta zitakazovumilia, na moja ya zile walizotoa inaitwa Imara XDR. Imara, neno letu lilelile.

Turudi Baraka. Zinia ya pakiti ilipata punje nyingi za maharage majuma mawili ya kwanza ya kuchanua. Baadaye majani yakaota unga mweupe, shina likalala kwa mvua kubwa, na punje zikapungua kila Jumamosi. Tena ni mbegu ya F1. Ukiikamua ukapanda tena, watoto hawatafanana na mama, utanunua pakiti kila mwaka. Zinia ya mama mzee ina ua dogo zaidi, lakini ilisimama wima. Kule Fizi, ambako ni juu na kuna baridi na ukungu, zinia zote mbili zilishikwa na ule unga.

Tagete ilifanya vizuri Baraka na Fizi, ila ukiacha maua yaliyokauka bila kuyakata huacha kuzaa mengine. Kuna wanaosema ukipanda tagete mbili pembeni ya nyanya minyoo ya mizizi inakimbia. Haikimbii hivyo. Inasaidia pale unapoijaza tuta zima kwa miezi kadhaa, ndipo unapanda nyanya baadaye.

Vinka, shahidi wetu, ndilo lililonishangaza. Hapa chini karibu na ziwa, penye mchanga na jua, miche yote minane ilikuwa hai na yenye ua mpaka Jumamosi iliyopita, na mbuzi hakuligusa hata mara moja. Lakini ile mine iliyopandwa mahali maji husimama ilioza yote. Kule Fizi lilikua polepole likawa dogo. Mbuzi analiacha kwa sababu ni chungu na ni sumu. Ni kweli kwamba katika mmea huo zinatoka dawa mbili za saratani, vinblastine na vincristine, na ya pili hutumiwa kwa watoto wenye saratani ya damu. Lakini hizo hutengenezwa kiwandani na daktari huzipima kwa uangalifu mkubwa. Asije mtu akachemsha majani yake kama chai, na watoto wakatazwe kuyatafuna.

Kwa hiyo ombi langu kwa mkutano wa Jumamosi ni hili. Mbele ya ukumbi, upande wa jua, tupande vinka, lakini kwanza tuinue matuta kwa kiganja kizima, maana pale maji ya paa yanasimama. Upande wa barabara tupande tagete. Zinia ya mama mzee tuiweke kidogo, kwa ajili ya kukata na kupamba meza. Kwa wenzetu wa Fizi, waanze na tagete. Katika kasha sitaomba hata franka moja, mbegu zote ninazo katika bahasha. Ninachoomba ni mikono ya kuinua matuta, na mtu mwenye fito za kuzuia mbuzi asiifikie tagete, kwa sababu katika rejista ameionja mara mbili.

Mama aliyeuliza habari za fedha, nakuomba uje mapema, saa mbili asubuhi. Makopo yangali mahali pake na maharage yapo. Uweke punje zako kabla mtunza kasha hajasoma orodha ya majina.