Mauzo Si Faida: Somo la Ziara ya Elton John

Mwimbaji mkongwe wa Uingereza, Elton John, alifunga ziara yake ya kuaga jijini Stockholm, Sweden, Julai 8, 2023. Ziara hiyo ilianza Septemba 2018 mjini Allentown, Marekani, na ilikuwa na maonyesho 330. Mauzo ya tiketi yalifikia dola za Marekani milioni 939. Hadi siku hiyo hakuna ziara ya muziki iliyokuwa imefikia kiasi hicho, ingawa Taylor Swift aliivunja rekodi hiyo mwaka huohuo.

Wastani ni kama dola milioni 2.8 kwa kila onyesho, na hesabu hiyo inatia tamaa. Hata hivyo, kila mwenye duka anajua kuwa fedha za kwenye droo si faida. Kwanza hutoka kodi ya uwanja, usafiri, mishahara ya mafundi, bima, matangazo na ushuru. Isitoshe, msanii wa ngazi hiyo kwa kawaida huhakikishiwa malipo yake mapema na huchukua fungu kubwa la kinachobaki. Mwandaaji hupata fungu dogo, na viti visipojaa hasara ni yake.

Hatari nyingine ni kwamba mtaji wote umeegemea afya ya mtu mmoja, ambaye mwanzoni mwa ziara alikuwa na umri wa miaka 71. Februari 2020 sauti ilimkatika jukwaani Auckland, New Zealand. Mwezi uliofuata UVIKO-19 ukasimamisha ziara. Mwaka 2021 aliumia nyonga, na maonyesho ya Ulaya yakasogezwa hadi 2023. Ziara iliyotangazwa kuwa ya miaka mitatu ikachukua karibu mitano.

Mwekezaji mdogo aliyetaka kushiriki hakuwa na mlango. Mwandaaji, AEG Presents, ni mali ya kampuni binafsi ambayo hisa zake haziuzwi sokoni. Mshindani wake, Live Nation, yumo katika soko la hisa la New York, lakini kati ya Februari na Machi 2020 hisa zake zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani. Mauzo yake makubwa hutokana na matamasha, lakini faida ya matamasha ni nyembamba. Uuzaji wa tiketi una faida nono kuliko matamasha kwa kila dola. Na biashara hiyo nayo ina mashaka yake, kwani Mei 2024 Serikali ya Marekani iliishitaki kampuni hiyo kwa madai ya kuhodhi soko.

Waswahili husema vyaelea, vimeundwa. Mwenye akiba ndogo asivutwe na jina la nyota wala jumla ya mauzo. Aulize kwanza nani analipwa hata onyesho lisipofanyika, na nani anabaki na deni. Kama jibu la swali la pili ni yeye, fedha zake na zibaki benki.