Mapendo yanadai lugha



Waoromo wa Etiopia na wa kaskazini mwa Kenya, wakitaka kusema "nakupenda", husema: "Si jaalladha." Ni maneno mawili tu, na kijana yeyote wa Kirungu aweza kuyashika upesi. Lakini je, aliyeshika neno hilo amekwisha kujua kupenda kwa Kioromo?

Historia yao yatufundisha. Onesimos Nesib alitekwa utumwani angali mtoto. Alipokombolewa alisoma hata Ulaya, kisha akaanza kutafsiri Biblia katika lugha ya watu wake. Kwa kuwa alitengwa nao tangu utoto, maneno mengi ya nyumbani yalimpungukia. Akasaidiwa na Aster Ganno, binti wa Kioromo aliyetoka utumwani kama yeye. Aster alikusanya maelfu ya maneno, pamoja na mafumbo, hadithi, methali na nyimbo zipatazo 500. Biblia nzima ikachapwa mwaka 1899. Hivyo ndivyo wawili hao walivyowaambia Waoromo kwamba wanawapenda: kwa kazi ya miaka mingi.

Nasi huku? Vijana wetu wanaandikiana "je t'aime" katika simu, na jambo linakwisha. Hatukatai Kifaransa, ambacho ni lugha ya masomo yetu. Kiswahili nacho chatuunganisha, na kwa wengi wenu ndicho lugha ya mama. Hata hivyo, kijana anayetaka kuoa katika jamaa ya Kitabwa, naye hawezi kumsalimu bibi wa mchumba wake kwa Kitabwa, anampenda msichana huyo akiwa amemtenga na waliomlea. Siku bibi atakapotoa shauri la ndoa, nani atalisikia?

Mwaka 1907 Padri Auguste Van Acker, wa shirika la Mapadri Weupe, alitoa kamusi ya Kitabwa na Kifaransa. Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa Kongo Belji, aliyepewa upadri mwaka 1917, aliandika juu ya fikra za watu wake. Ikiwa mgeni kutoka mbali aliona maneno hayo yafaa kutunzwa, mjukuu wa wenyewe ana udhuru gani?

Tunawaomba jambo moja. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amwendee mzee wa kwao, awe Mtabwa, Mluba au wa kabila lingine, amwulize: Zamani mlisemaje mlipompenda mtu? Mlimwambiaje mchumba, mtoto, rafiki aliyefiwa? Andikeni majibu katika daftari, nasi tutayasoma pamoja. Msikawie, kwa maana wazee wetu wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na maneno ambayo hakuna aliyemwuliza.